Siku Niliyokuona Dukani kwa Mass Ferdie

Fustic Gap, St. Mary
Jamaika
14 Septemba 1986

Mwanangu Panzi,

Mimi mzima. Kama furaha ingekuwa inaua, Jumapili ile ningekufa dukani kwa Mass Ferdie mbele ya watu wote, na sikufa, basi jua mimi mzima.

Nimekuona. Nasema tena ili ulisome mara mbili: nimekuona, kwa macho yangu haya mawili niliyopewa na Mungu. Walinipa kiti cha mbele kabisa, karibu na televisheni, kiti chenye mgongo, maana mama wa mkimbiaji hakai juu ya kreti la soda. Nilivaa kofia yangu ya Pasaka. Miss Clarice alisimama nyuma yangu, eti kaja kununua kiberiti. Saa nzima ananunua kiberiti. Mwanawe ni polisi Kingston, vizuri, tumesikia. Lakini nani amewahi kumwona kwenye televisheni?

Mlipojipanga kwa fainali ya kupokezana nilibana mkoba wangu mpaka ukalia. Mass Ferdie akawa anapiga kelele, "Huyo Vernelle anapokea kijiti. Huyo Vernelle anakata kona. Mtazameni, mtazameni." Duka zima likawa jina lako tu. Wazee wa domino waliacha domino, na unawajua wale, hata msiba hauwaachishi. Nami nikaona ule utepe wa manjano niliokushonea unavyopepea kichwani pako kama jani la ndizi. Kona ulivyoikata, ilikatika kweli. Medali ya fedha. Mimi, Icilda Pennant, niliyeishia darasa la nne, nimezaa fedha.

Nikakumbuka ulipokuwa na miaka tisa, mianzi yako imelala juu ya makopo ya rangi huko nyuma ya jiko, na mimi nakutwangia kakao kinuni. Kila ukiruka ulikuwa unajikwaa. Nikakwambia, sikiliza mchi: pigo, pigo, pigo, halafu juu. Hatua tatu, halafu juu. Tangu siku ile hukujikwaa tena. Makocha wako wa Texas wanakula mshahara kwa kazi niliyoimaliza mimi kwa kinu.

Sasa sikiliza. Siku ya pili ya Krismasi tunakufanyia mapokezi pale shuleni. Watoto wataigiza ile fainali, na mimi nitatoa hotuba. Nimeshaitunga, iko kichwani. Wewe uje na medali tu, mengine tuachie.

Ukiona mistari yangu inapanda mlima, ni meza. Mguu mmoja umeliwa na mchwa.

Mama yako,
Icilda Pennant


Texas
30 Septemba 1986

Mama mpenzi,

Barua imefika. Mistari imepanda mlima kweli. Ule wa mwisho ukurasa wa pili umetoka nje ya karatasi, na neno lake la mwisho sikulipata. Nadhani limebaki mezani.

Nimefurahi kuwa mlikuwa wengi dukani. Nimefurahi kuhusu kiti.

Mama, nataka kukuuliza vitu vidogo, usinune. Nilipopokea kijiti, ulinionaje? Nilinyosha mkono gani? Na aliyenipa ni nani, yule mrefu au yule mwenye nywele fupi? Nauliza tu. Mtu akikimbia hajioni.

Mapokezi, tafadhali yasiwe makubwa. Hata yakikosekana si neno. Kuna jambo nataka kukueleza kuhusu Jumapili ile. Nimelianza mara tatu nikachana karatasi. Tuliache kwanza.

Siku hizi mazoezi ni ya polepole. Kocha ananipa mapumziko. Nikilala mchana naota nyuma ya jiko letu: mianzi, makopo ya rangi, ng'ombe wa Deacon kachungulia juu ya ua kama mwamuzi. Viunzi vya hapa vimepakwa rangi nzuri na vikigongwa vinaanguka mbele bila kukuumiza. Mianzi yako ilikuwa haisamehi. Ndiyo maana nilijifunza.

Nitumie kakao yako, ile ya madonge ya kuvingirisha, tunayoiita chai. Chai ya hapa ni maji yaliyoambiwa habari za chai.

Binti yako,
Vernelle


Fustic Gap
19 Oktoba 1986

Panzi,

Siku hizi mtoto anamhoji mama yake kama hakimu wa Port Maria. Mkono gani? Wa kulia. Na kama ulikuwa wa kushoto, basi wa kushoto. Mbio zenyewe zilikuwa za kasi, nani alikuwa na nafasi ya kuhesabu mikono? Aliyekupa kijiti ni yule mrefu. Au alionekana mrefu kwa sababu ya televisheni. Mimi nilikuwa nakutazama wewe.

Mapokezi hayapungui. Deacon ametoa viti vya kanisa. Miss Clarice ameomba kukaanga samaki, anataka aonekane. Nimemwachia, sina roho mbaya. Mwalimu amemchagua msichana wa kuwa wewe, mtoto wa Jasper, ana miguu kama fito, anafaa.

Nimekuwekea kakao kwenye bati, nimefunga kwa selotepu na kamba, Miss Inez wa posta amelipokea leo. Kakao za mwaka huu zinaungua upesi kikaangoni, sijui ni mvua. Mara mbili nimeunguza. Ila hizi ulizotumiwa ni nzuri.

Nimejigonga kidogo kwenye paji la uso. Walibadilisha mlango wa kanisa, sasa unafungukia nje, na hawakumwambia mtu. Usijali. Kwa jina lako hata uvimbe unapona.

Nasikia unasema mapumziko. Mapumziko ya nini? Umri wako ni wa kukimbia. Utapumzika ukifika umri wangu, na mimi mwenyewe sijapumzika. Usifikirie kurudi nyumbani kabla hujamaliza kilichokupeleka huko. Mimi sina shida yoyote. Naona kila kitu, nafanya kila kitu.

Mama yako,
I. Pennant


Texas
16 Novemba 1986

Mama,

Bati limefika. Ni bati jekundu.

Tangu nina akili, bati la buluu ni la kakao na bati jekundu ni la nta ya sakafu. Ulikuwa hunigombezi kwa vitu vingi, lakini kwa hilo uliwahi kunichapa. Nilikata selotepu nikiwa na mafua, sikunusa kitu, nikatia donge moja kwenye maji ya moto. Likayeyuka likaelea juu. Chumba kikanuka sebule yetu Jumamosi asubuhi, sisi wawili magotini, kila mmoja na kipande chake cha kumbi la nazi, unaimba, sakafu inang'aa mpaka tunajiona. Nilikaa kitandani nikalia, na si kwa sababu ya chai.

Mama, hukuyaona mabati. Na mlango wa kanisa unafungukia nje tangu nibatizwe.

Miss Inez, najua ni wewe unayemsomea, shikamoo. Tafadhali soma yote, usiruke mahali.

Sikukimbia fainali. Nilikimbia mchujo wa Jumamosi, zamu ya tatu, ile ya kona. Tulishinda mchujo tukaingia fainali. Lakini nilipokuwa namkabidhi Yolande kijiti nilisikia kitu nyuma ya paja, kama uzi wa cherehani unavyokatika. Nilificha usiku ule. Asubuhi kocha akanishika paja kwa kidole kimoja tu, nikaruka. Akaandika jina la mwingine kwenye daftari lake, hata hakuketi.

Jumapili nilipewa kazi ya nguo. Wakimbiaji wanavua suruali za mazoezi kabla ya kuingia uwanjani, na lazima mtu azikusanye. Nilikusanya suruali nne. Wakati wa mbio nilikuwa chini ya jukwaa la watazamaji, nimezikumbatia, bado zina joto la wenzangu, nikasikia uwanja unanguruma juu ya kichwa changu. Sikuona hata hatua moja. Utepe wako ulikuwa mfukoni.

Medali nilipewa Jumanne, kwenye korido ya bweni, ndani ya bahasha ya kaki. Anayekimbia mchujo naye hupewa. Ni fedha ileile, uzito uleule. Ila hakuna aliyenivalisha.

Sikukwambia kwa sababu barua yako ilifika kwanza, na ilikuwa na furaha kuliko kitu chochote nilichowahi kusoma.

Sasa Mama, kama mimi nilikuwa chini ya jukwaa na suruali nne, dukani kwa Mass Ferdie ulimwona nani?

Vernelle


Fustic Gap
7 Desemba 1986

Panzi,

Mkono ni wa Miss Inez, mdomo ni wangu. Nimemwambia asinipambe.

Alinisomea barua yako hapa kaunta ya posta. Alipofika kwenye suruali nne akanyamaza. Nikamwambia, "Endelea, Inez, kwani serikali inakulipa usome nusu?" Akaendelea. Alipomaliza nilimwomba asome tena pale pa suruali. Halafu nikachukua fimbo yangu, nikaenda dukani.

Nikasema, "Ferdie, Jumapili ile nani alikata kona?"

"Jumapili ya mbio, Miss Icy?"

"Kwani ulikuwa na Jumapili nyingine?"

Nikasikia anafuta kaunta. Kaunta yake haijafutwa tangu kimbunga. Akasema, "Miss Icy, walipotaja majina nikasikia la Vernelle halimo. Nikakutazama, umekaa na kofia yako ya Pasaka. Nikazima sauti. Nikatangaza mwenyewe."

"Na ninyi wa domino mkapiga kelele."

Jasper akasema, "Ulitaka tufanyeje? Una mkono mzito wa kuchapa, kila mtu hapa anaujua."

"Na nani aliwaambia mimi sitaona kwamba siye?"

Nikasikia mtu anakohoa kwa adabu, nikajua ni Clarice. Akasema, "Icilda, mwezi wa tano ulipita barabarani ukamwambia ng'ombe wa Deacon, 'Habari za asubuhi, Miss Clarice.' Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara na kapu langu."

Nikasema, "Mbona niliitikiwa?"

Akasema, "Niliitikia mimi. Ningekuacha usimame pale unangoja ng'ombe?"

Panzi, miezi saba yule mwanamke ana neno kama hilo mdomoni na hajalitumia. Mimi ningekuwa nalo, lisingelala siku mbili. Nilikaa kwenye kreti la soda, sikuomba kiti.

Basi ukweli ni huu. Miaka miwili iliyopita muuguzi wa kliniki alinimulika akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, niende Kingston wanitoe. Nikasema ndiyo, nikarudi nyumbani kutwanga kakao. Unamkumbuka shangazi Zilpha. Alikwenda Kingston anaona kidogo, akarudi haoni kabisa. Na ningekwambia wewe, ungeacha viunzi ukaja kunishika mkono. Nikasema, ngoja amalize kukimbia. Kuona si kazi, nitakisia. Nimekukisia mbio sita sasa. Ulikuwa mzuri katika zote.

Umesema hukuona hata hatua moja. Basi tulikuwa sawa, wewe chini ya jukwaa na mimi mbele ya televisheni. Wawili tumekaa gizani tunasikiliza watu wakishangilia.

Siku ya pili ya Krismasi iko palepale. Hotuba nimeifuta. Uje.

Kingston nitakwenda, lakini si bure. Nataka nikuone ukiruka, mara moja, ukiwa na namba kifuani. Sitaki kunyoosha shingo niangalie uwanja mtupu na kuambiwa zamani alikuwa anakimbia.

Mama yako,
Icilda

(Vernelle, mama yako ameniambia nisiandike kwamba amelia. Sikuandika ndani ya barua, nimeandika hapa chini. Inez Tomlinson, Posta.)


Texas
25 Januari 1987

Mama mpenzi,

Nimefika salama, na bati la buluu. Nililifungua uwanja wa ndege kuhakikisha.

Bado nawaza mapokezi. Nilisimama mbele ya watu wote nikasema sikukimbia fainali. Halafu mtoto wa Jasper akanyosha mkono akauliza, "Sasa mimi nifanye nini, nikae?" Na wewe ukasimama na kofia yako ukamwambia, "Kachukue suruali nne kwenye kamba ya Mwalimu." Akapita nazo uwanjani, amezikumbatia, uso mkavu kama wa jaji, na alipigiwa makofi kuliko wale waliobeba kijiti. Mama, jambo lile nilikuwa nimelibeba kama aibu. Sasa nikilikumbuka namwona yule mtoto.

Nilipokupa medali uliishika muda mrefu ukaing'ata. Alama ya jino lako ipo. Sitaisafisha.

Paja linapona. Kocha anasema nina miaka ishirini na saba na nifikirie kazi nyingine. Nimemwambia nafikiria. Lakini nimejiandikisha kwa mashindano ya taifa, Juni, Kingston, viunzi mita mia moja. Kupokezana nimewaachia wadogo. Sijui nitafikia wapi, Mama. Wapo wasichana wa shule wanaonipita kwa mita mbili wakicheka.

Najua unaogopa ile operesheni ya macho ya Aprili, Kingston. Nikueleze kitu. Kwenye kupokezana, anayepokea haangalii nyuma. Akigeuka kutazama, mbio zimekwisha. Anaondoka kwa nguvu zote, anaacha mkono wazi nyuma yake, na hajui kijiti kiko wapi mpaka akisikie kwenye kiganja. Miaka yote hii watu wameniuliza nilijifunzaje kutogeuka. Nilijifunza kwako. Nilikuwa naruka mianzi na mgongo nimekupa, na nilikuwa najua mchi utapiga.

Siku ya jicho la kwanza wewe nyosha mkono tu. Tiketi nimeshakata.

Vernelle


Fustic Gap
12 Julai 1987

Panzi wangu,

Barua hii nimeiandika mwenyewe, na nilipomaliza kila mstari nimeupima kwa rula ya Miss Inez. Hakuna unaopanda mlima. Meza haijatengenezwa, mguu ni uleule.

Tangu uondoke nafanya kazi ya kutazama tu. Nyumba yangu ni chafu, Panzi. Miaka miwili nimesugua sakafu nikidhani inang'aa, kumbe nilikuwa nasugua katikati peke yake, pembeni pamejaa vumbi la enzi za marehemu baba yako. Ng'ombe wa Deacon hafanani na Clarice hata kidogo, nimemwomba radhi, ng'ombe na Clarice. Na wewe una mstari kando ya mdomo, upande wa kushoto, kama wa bibi yako. Hukuniambia. Nilipofunguliwa bandeji nilikuona wewe kwanza, na nilichokiona kwanza ni mstari ule, nikasema moyoni, mwanangu amekua mtu mzima nikiwa simtazami.

Lakini nakuandikia habari za uwanja wa taifa.

Niliona viunzi. Havijawahi kuwa vingi vile. Kumi kila njia, nilihesabu, na njia nane, na vyote vinang'aa kama meno. Nikakutafuta. Njia ya saba. Utepe wa manjano umefungwa nyuma, umechakaa, nitakushonea mwingine. Ulipoinama nikafungua mkoba, nikautoa mwiko niliokuja nao, usicheke, nilijua utanifaa. Bunduki ikalia na mimi nikaanza gotini: pigo, pigo, pigo, juu. Pigo, pigo, pigo, juu. Bwana aliyekuwa pembeni yangu akasogea kiti. Mpaka kiunzi cha sita tulikuwa pamoja, wewe na mwiko. Cha saba ukakigusa kwa kisigino, kikayumba, hakikuanguka. Cha nane ulichelewa kidogo, nikapunguza mwiko nikakungoja. Cha tisa ukarudi. Cha kumi uliruka juu mno, kama ulivyokuwa unaruka utotoni ukiniona natazama. Basi nikajua unajua natazama.

Ukawa wa sita.

Uliponijia pale kwenye uzio ulisema, "Pole, Mama." Sikukujibu kwa sababu nilikuwa natazama jasho linavyokushuka shingoni. Nakujibu sasa. Usinipe pole. Sijapata kuona kitu kama kile, na sasa ukitaka kutundika viatu, tundika. Ukitaka kufundisha watoto wa shule kama ulivyosema, mianzi bado ipo huku, makopo tu yameshika kutu.

Jumatatu nilikwenda dukani. Nilivaa kofia. Clarice alikuwepo, kaja kununua kiberiti, safari hii nikamvutia kiti. Ferdie akauliza, "Miss Icy, alikuwa wa ngapi?"

Nikasema, "Wa sita."

Wakaangalia domino zao, wanaona haya kwa niaba yangu. Nikawaambia wekeni chini hizo domino. Nikawaeleza mbio zote kuanzia unavyofunga kamba za kiatu, kiunzi kwa kiunzi, kisigino, utepe, jasho. Mbio za sekunde kumi na nne, nilizieleza mpaka mkate ukaisha dukani. Jasper alitaka kuniongezea habari za kiunzi cha tisa, nikamwambia anyamaze, hakuwepo.

Nilipomaliza Ferdie akatikisa kichwa. Akasema, "Miss Icy, hata ile fedha hukuisimulia hivi."

Nikamwambia, "Ile sikuiona."

Mama yako,
Icilda Pennant